Vita vya bei za vifaa vya kusomea vitabu: Msomaji wa Afrika Mashariki alipata nini?

Anayetafuta leo kifaa maalumu cha kusomea vitabu vya kielektroniki, chenye skrini ya kijivu inayofanana na karatasi, hukuta majina machache sokoni. Kindle ya kampuni ya Marekani ya Amazon ndiyo inayotawala. Kobo, yenye makao yake mjini Toronto, Canada, na inayomilikiwa na kampuni ya Rakuten ya Japani, huifuata. Baada ya hapo wapo wengine wadogo, kama vile PocketBook na Boox. Miaka 15 iliyopita hali ilikuwa tofauti. Kampuni kubwa za Marekani, Japani na Canada zilikuwa zikikata bei kwa zamu, hata kifaa kilichouzwa dola 399 mwaka 2007 kikapata mrithi wa dola 79 mwaka 2011.

Historia ya bei hizo haiwahusu wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani peke yao. Serikali za ukanda huu nazo hununua vifaa vya kidijitali kwa ajili ya shule. Rwanda ilianza kugawa kompyuta ndogo za mpango wa OLPC mwaka 2008. Kenya ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016. Tanzania iliwapa walimu vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022. Kila mara swali la kwanza huwa ni bei ya kifaa kimoja. Yaliyotokea katika soko la vifaa vya kusomea vitabu yanaonyesha kwamba swali hilo halitoshi.

Kutoka dola 399 hadi dola 79

Msingi wa vifaa hivi ni wino wa kielektroniki, uliotengenezwa na kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997 na kununuliwa na kampuni ya Taiwan mwaka 2009. Ndani ya skrini mna chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme. Kwa kuwa umeme hutumika zaidi pale ukurasa unapobadilika, betri huweza kudumu kwa wiki kadhaa, na maandishi husomeka vizuri hata juani.

Sony ilikuwa ya kwanza kuupeleka wino huo sokoni, ilipouza kifaa cha Librié nchini Japani mwaka 2004. Kifaa chenyewe kilisifiwa, lakini vitabu vyake vilikuwa vya kukodi na vilikoma kusomeka baada ya siku 60. Wanunuzi walikuwa wachache. Mwaka 2006 Sony iliingia Marekani na kifaa kipya, lakini ilimlazimu msomaji kupitia kwenye kompyuta ili kupata kitabu.

Amazon ilipotoa Kindle mwezi Novemba 2007, kwa dola 399, skrini yake haikuwa na jambo la ajabu kuliko ile ya Sony. Tofauti ilikuwa dukani. Kifaa kilikuja na mawasiliano ya simu ndani yake, bila malipo ya kila mwezi, na kitabu kiliweza kununuliwa na kufika kwa muda usiozidi dakika moja. Vitabu vipya vingi vilivyovuma viliuzwa kwa dola 9.99, mara nyingine chini ya kiasi ambacho Amazon yenyewe ilimlipa mchapishaji. Shehena ya kwanza ilimalizika kwa saa tano na nusu.

Mwaka 2009 bei ilishuka hatua kwa hatua, kutoka dola 359 hadi 299, kisha 259. Mwishoni mwa mwaka huo duka kubwa la vitabu la Barnes & Noble lilitoa kifaa chake, Nook, kwa dola hizohizo 259. Kobo nayo iliingia mwaka 2010 kwa dola 149, ikiuzwa Marekani katika maduka ya Borders. Tarehe 21 Juni 2010 Barnes & Noble ilishusha Nook hadi dola 199 na kutangaza nyingine ya dola 149 isiyo na mawasiliano ya simu. Saa chache baadaye, siku hiyohiyo, Amazon ilishusha Kindle kutoka dola 259 hadi 189. Mwezi Agosti ikaja Kindle ya dola 139.

Mwezi Septemba 2011 Amazon ilitangaza Kindle ya dola 79. Iliyofanana nayo kwa kila hali iliuzwa dola 109. Kilichozitofautisha ni matangazo ya biashara, ambayo ile ya bei ya chini iliyaonyesha kwenye skrini wakati haisomwi. Hivyo haki ya kumtangazia msomaji ilipewa bei yake waziwazi: dola 30.

Kwa nini bei ilishuka

Ni kweli kwamba vipuri vilikuwa vikipungua bei kadiri uzalishaji ulivyoongezeka. Sababu nzito zaidi ilielezwa na mwanzilishi wa Amazon, Jeff Bezos, katika mahojiano na BBC mwezi Oktoba 2012. Alisema kampuni yake huuza vifaa vyake kwa takriban gharama ya kuvitengeneza. Faida ilitarajiwa baadaye, msomaji atakapoendelea kununua vitabu.

Mpango huo haumshangazi yeyote aliyewahi kununua king'amuzi cha televisheni. King'amuzi huuzwa kwa bei ya chini, pengine chini ya gharama yake, kwa sababu muuzaji anayategemea malipo ya kila mwezi. Kindle nayo ilikuwa mlango wa duka, na mwenye duka aliweza kuuuza mlango bila faida.

Vita vya panzi, wahenga walisema, ni furaha ya kunguru. Wasomaji wa Marekani na Ulaya walifurahi kweli. Panzi mmoja mmoja, hata hivyo, walianza kuanguka. Borders iliomba kinga ya kufilisika mwezi Februari 2011 na kufunga maduka yake yote mwaka huohuo. Sony, kampuni iliyotangulia kuliko zote, iliwakabidhi wateja wa duka lake la Marekani kwa Kobo mwaka 2014 na kuacha kuvitengenezea wasomaji wa kawaida vifaa hivi. Nook imebaki, lakini haina tena nguvu ya kuitikisa Amazon. Mtengenezaji anayetegemea faida ya kifaa hawezi kushindana kwa muda mrefu na anayekiuza bila faida.

Waliosalia walisalia kwa kuungana. Kobo ilishirikiana na maduka ya Fnac nchini Ufaransa mwaka 2011, na katika miezi hiyohiyo Rakuten ilikubali kuinunua kwa dola milioni 315. Nchini Ujerumani, wauza vitabu waliokuwa wakishindana, wakiwemo Thalia na Hugendubel, waliungana na kampuni ya simu ya Deutsche Telekom mwaka 2013 na kutoa kifaa cha pamoja, tolino. Walitambua kwamba kila mmoja peke yake angemezwa.

Baada ya hapo mbio za kushusha bei zilipoa. Kindle ya kawaida iliyotoka mwezi Oktoba 2024 ilianzia dola 109.99, ikiwa bado na matangazo. Ile ya rangi ilitangazwa kwa dola 279.99. Mfumuko wa bei una sehemu yake hapo, na vifaa vya sasa vina taa na nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi vitabu. Lakini siku kama ile ya Juni 2010, ambapo mshindani mmoja alimlazimisha mwingine kushusha bei kabla ya jua kuzama, haijaonekana tena.

Bei isiyoandikwa kwenye boksi

Unafuu wa kifaa haukuwa na maana ya unafuu wa vitabu. Mwaka 2010, Apple ilipotoa iPad, wachapishaji watano wakubwa walikubaliana nayo kwamba wao wenyewe ndio watakaopanga bei ya rejareja. Vitabu vingi vipya vilipanda kutoka dola 9.99 hadi dola 12.99 au 14.99. Serikali ya Marekani ilishtaki mwaka 2012, na mwaka 2013 mahakama iliamua kwamba Apple ilikuwa imekula njama ya kupandisha bei. Msomaji alikuwa ameokoa pesa kwenye kifaa na kuzilipa kwenye vitabu.

Gharama nyingine ni ile ya kuhama. Kitabu kilichonunuliwa katika duka la Kindle huja katika muundo wa Amazon, nacho kwa kawaida huwa na kufuli la kidijitali. Wengine wengi hutumia muundo wa wazi uitwao EPUB. Nao wachapishaji wengi hutaka vitabu vyao vifungwe, lakini EPUB huweza kusomeka kwenye vifaa vya kampuni zaidi ya moja. Mwenye vitabu 200 vya Kindle anayevutiwa na bei ya Kobo hana budi kuhesabu pia vitabu atakavyoviacha nyuma.

Mwezi Julai 2009 wateja wa Kindle nchini Marekani waligundua kwamba nakala zao za riwaya za George Orwell, 1984 na Animal Farm, zilikuwa zimefutwa kutoka mbali. Aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza. Wateja walirudishiwa pesa zao na Bezos akaomba radhi, lakini ilikwisha dhihirika nani hasa anashika ufunguo. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyomwezesha mteja kupakua vitabu vyake kwenye kompyuta na kuvihamishia kwenye kifaa kwa waya.

Afrika Mashariki: mlango bila duka

Kwa msomaji wa Nairobi, Kampala, Kigali au Bujumbura, hesabu hiyo ina kasoro nyingine. Barani Afrika, Amazon ina tovuti za nchi mbili tu, Misri na, tangu Mei 2024, Afrika Kusini. Wengine hulazimika kuagiza kutoka nje au kununua kwa wafanyabiashara wa kati. Dola 109.99 ni takriban shilingi 14,000 za Kenya, kabla ya usafirishaji, ushuru na faida ya muuzaji. Punguzo lililopiganiwa huko Marekani huliwa njiani.

Malipo nayo yana kikwazo chake. Maduka hayo yalijengwa kwa ajili ya watu wenye kadi za benki, ilhali wengi katika ukanda huu hulipa kwa simu. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2022, imepunguza tatizo hilo lakini haijalimaliza. Huduma ya kuazima vitabu vya maktaba za umma kupitia Kindle, ambayo Wamarekani wanayo tangu mwaka 2011, huku haipo.

Kisha inakuja lugha. Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida za Kilatini, bila alama za juu wala za chini, kwa hiyo kifaa chochote cha aina hii huweza kukionyesha sawasawa. Kinachokosekana ni vitabu. Msomaji wa Kiswahili anayeingia katika maduka haya makubwa hukuta sehemu ndogo tu ya yale yaliyochapishwa Dar es Salaam na Nairobi, na riwaya anayoijua tangu shuleni huenda asiione kabisa. Muuzaji aliyeuza kifaa bila faida akitarajia vitabu, hapa hana vya kutosha vya kuuza. Naye mnunuzi amelipia mlango unaofunguka kwenye rafu tupu.

Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010 na David Risher, aliyewahi kuwa mmoja wa viongozi wa Amazon, pamoja na Colin McElwee, lilijaribu njia nyingine. Lilianza Ghana, kisha likafika nchi nyingine za Afrika, zikiwemo shule na maktaba za umma nchini Kenya. Vifaa vilipelekwa vikiwa vimekwisha kujazwa vitabu, vikiwemo vya waandishi na wachapishaji wa Kiafrika. Betri ya kudumu iliwafaa walio mbali na umeme. Uvunjikaji wa skrini ulikuwa tatizo, na kwa miaka iliyofuata shirika hilo lilielekeza nguvu zaidi kwenye simu, ambazo familia nyingi tayari zilikuwa nazo.

Wakati huohuo vitabu vinavyoweza kusomwa bila kufungwa na duka lolote vimekuwa vikiongezeka. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini mwaka 2014, hutoa hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, chini ya leseni inayoruhusu kunakili na kutafsiri bure. Nchini Kenya, kampuni ya eKitabu husambaza vitabu vya kielektroniki kwa shule, ikitumia muundo wa EPUB.

Kwa hiyo shule au maktaba ya ukanda huu inayoletewa ofa ya vifaa mia tano vya bei nafuu ina maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini. Je, vinasoma EPUB? Je, vitabu vilivyonunuliwa vitasomeka iwapo mwaka ujao kutanunuliwa vifaa vya kampuni nyingine? Skrini ikivunjika, nani ataitengeneza, na kwa gharama ya nani? Na ni vitabu vingapi vya Kiswahili vinavyopatikana leo, kwa majina yake?

Swali la mwisho ndilo linalostahili kutangulia. Maktaba inayoanza na orodha ya vitabu ambavyo wasomaji wake wanavihitaji itajua upesi ni kifaa gani kinachoweza kuvifungua, na hapo tu ndipo tofauti ya dola 79 na dola 149 inapoanza kuwa na maana. Inayoanza na bei huenda ikabaki na makabati ya vifaa vizuri, vilivyochajiwa, visivyo na cha kusoma.