Hadena Ikishaingia, Hakuna Tena "Hebu Tuongee"

Kuna wanaolia na mpira, Jumamosi nzima mwenzi yuko mbele ya Ligi Kuu ya England na humsemeshi. Kuna wanaolia na baa. Mimi mwenzenu nalia na gari. Na si lile la kwendea kazini, hilo halina neno. Ni lile jingine, Subaru Impreza kuukuu iliyong'olewa viti vya nyuma, ambayo mume wangu na rafiki zake wawili wanaiandaa kwa mashindano ya ridhaa. Safari hii wameamua kuitengenezea spoila ya mbele. Tena si ya kununua, bali ya kufinyanga wenyewe kwa faiba, kwenye banda la shamba letu la mananasi kule Kiwangwa.

Najua kuna mnaocheka. Lakini jamani, kila nyumba ina spoila yake. Kwako inaweza kuwa kamera, kuku wa mayai, au studio ya muziki iliyomeza chumba cha wageni. Swali ni lile lile: mnaishije na kitu anachokipenda mwenzako bila kitu hicho kula nyumba, na bila wewe kukiua? Mwezi huu tuliongelee hilo kupitia ndoo ya resini. Nawahakikishia ina somo.

Kwanza, inafanya nini?

Mtu mwenye akili hatoi hela kabla hajauliza, kwa hiyo niliuliza. Gari likienda kasi, hewa inayojipenyeza chini yake husaidia kuliinua, hasa puani. Spoila ya mbele hupunguza hewa hiyo na kuielekeza pembeni, ili tairi za mbele zishike chini vizuri.

Ila hapo pana hesabu. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 120, mwendo umezidi mara 2 lakini nguvu imezidi mara 4. Ligeuze sasa: kwenye kona za vumbi, ambako gari la ridhaa linapita na 50 au 60, spoila inasaidia kidogo mno. Pia ukiigandamiza pua peke yake bila kuangalia nyuma, mkia unakuwa mwepesi na gari linaweza kuzunguka kwenye kona ya kasi. Halafu kuna mashimo. Spoila iliyoshuka chini sana itang'oka kwenye tuta la kwanza.

Nikamuuliza, "Sasa baba, kama haiongezi mwendo, ya nini?"

Akafikiri kidogo, akasema, "Inapendeza. Inakinga bampa na rejeta na mawe. Na wiki nzima nashinda kwenye kompyuta, mama. Nataka nishike kitu nilichokitengeneza mwenyewe."

Angeniambia ni ya mwendo, ningebishana naye mpaka usiku. Kwa hilo la tatu nilinyamaza. Wangapi kati yetu tunatoka ofisini saa 12 jioni na hatuna cha kuonyesha zaidi ya barua pepe?

Mbavu kabla ya pua

Lakini kunyamaza si kukubali kila kitu. Gari hilo lilikuwa bado halina fremu ya mabomba ya chuma ndani, ile inayozuia paa lisimkalie mtu likipinduka. Mikanda ilikuwa ile ile ya kiwandani. Mtungi wa kuzimia moto hakuna. Na hela ya spoila ilikuwa tayari kwenye bahasha.

Nikamwambia pua itasubiri, mbavu kwanza. Alininunia siku mbili. Mimi nikapika, nikala, nikalala. Siku ya tatu tukakaa mezani na kalamu. Nilimwambia wazi kwamba simkatazi kukimbia, ninachotaka ni arudi nyumbani. Tukakubaliana bahasha isiguswe mpaka fremu, mikanda na mtungi viwe ndani ya gari. Ilichukua miezi minne. Hakuna aliyekufa kwa kusubiri, na hiyo ndiyo ilikuwa shabaha.

Jambo la pili tulilokubaliana: barabara ya watu si uwanja. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami nzuri inayoshawishi, lakini ina watoto wa shule, bodaboda na akina mama wenye mafungu ya mananasi pembeni. Penye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Anayetaka mbio asubiri siku ya mashindano, njia ikiwa imefungwa.

Kwa nini faiba, kwa nini Kiwangwa?

Spoila za mtumba zipo, zunguka Gerezani au Ilala utazipata. Lakini nyingi zilitengenezwa kwa lami ya Japani. Kwetu jiwe moja tu, kwisha habari. Ukitengeneza ya faiba, mali yako halisi ni kalibu, au moldi kama mafundi wanavyosema. Spoila ikivunjika leo, kesho kutwa unatoa nyingine kwenye kalibu ile ile.

Na si mchezo wa vijana tu. Mwaka 1953 kampuni ya Chevrolet ya Marekani ilitoa Corvette yake ya kwanza, magari 300, bodi nzima ya faiba. Huku kwetu faiba inajulikana zaidi baharini na ziwani. Miaka ya karibuni hata serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za faiba. Ndiyo maana mwalimu wa kazi yetu hakuwa fundi magari. Alikuwa fundi wa boti kutoka Bagamoyo, mtu mzima, shikamoo yake hairukwi.

Kwa nini Kiwangwa? Harufu. Resini ya polista inatoa mvuke mkali wa staireni, unauma macho na kuleta kizunguzungu. Ukiifungulia kwenye nyumba ya kupanga Sinza, mwenye nyumba atakupa notisi kabla haijakauka. Shambani tuna banda lisilo na kuta, upepo unapita, na jirani wa karibu ni mananasi.

Kazi yenyewe

Unaanza na umbo la mfano. Vijana walikuja na povu jeupe, lile la maboksi ya kubebea samaki, maana linakatika kirahisi. Fundi akalitazama, akachukua kipande, akakidondoshea resini. Povu likayeyuka mbele ya macho yetu kama sukari kwenye chai. Resini ya polista inalila povu hilo. Ama ulifunike lote kwa mkanda na plasta pasibaki tundu, ama utumie mbao nyembamba na povu gumu la poliyurethani. Walichagua mbao.

Umbo likishakaa unalipaka pati na kulisugua, msasa namba 80 kwanza, kisha unapanda mpaka 400 na kuendelea. Hapa ndipo wengi huchoka, na kila mkwaruzo unaouacha utauona kwenye spoila. Kisha nta, unapaka na kung'arisha, unarudia mara kadhaa. Ukibania nta, kalibu na umbo vitaoana milele. Na kuta za umbo ziwe zimelala kidogo kwa nje, zikisimama wima kabisa halitoki.

Juu ya umbo unajenga kalibu, nene na ngumu. Ikikauka unaing'oa, unaipaka nta, unaipaka jelikoti, ambayo ndiyo itakuwa uso wa spoila. Jelikoti ikianza kushika, unalaza kitambaa cha faiba. Tulitumia cha gramu 300 kwa mita ya mraba kwanza, kwa sababu kinakunja kona vizuri, halafu cha gramu 450, jumla tabaka tatu, na nne sehemu za bolti. Resini iwe kama mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa kitambaa. Ikizidi spoila inakuwa nzito na inapasuka upesi. Kila tabaka unalipitisha rola kutoa mapovu ya hewa.

Acha usiku mzima, hata saa 24, ndipo uing'oe. Kwenye gari ifunge kwa bolti zenye washa pana, na vishikizo viende kwenye chuma cha gari. Bampa la plastiki peke yake halitoshi. Unapokata na kusugua, vaa barakoa, miwani, glavu na mikono mirefu. Vumbi la faiba likikuingia kwenye ngozi utajikuna mpaka uite mganga.

Dakika kumi na tano

Sasa hapa ndipo kazi yangu ilipoingia, na ndipo somo lilipo.

Resini peke yake inaweza kukaa kwenye kopo lake miezi. Kinachoigeuza jiwe ni hadena, ya peroksaidi. Kipimo ni asilimia 1 hadi 2: kilo 1 ya resini, gramu 10 hadi 20 za hadena. Kwa joto letu la Pwani unabaki kwenye 1, na unaanza kazi asubuhi na mapema. Ukishaichanganya una dakika 10 hadi 20 hivi, jua likipanda zinapungua. Kwa hiyo unachanganya kidogo kidogo, nusu kilo kwa mara. Ukiacha nyingi ndani ya kopo inachemka yenyewe, inaweza kutoa moshi. Mabaki yanatandazwa nje mchangani, mbali na makaratasi.

Hadena ile ikikurukia machoni inaweza kukupofusha. Miwani ni lazima, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikitokea, osha kwa maji dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali. Kama resini yako inahitaji kobalti, isikutane na hadena moja kwa moja hata siku moja, inaweza kulipuka. Tafuta resini iliyokwisha kuwekwa kobalti kiwandani. Sigara marufuku. Jiko la mkaa la mchana tulilihamishia chini ya mwembe ng'ambo ya shamba.

Fundi akauliza nani atashika mizani na saa. Wanaume watatu wakatazamana. Akanigeukia, "Shemeji, wewe shika." Basi mimi ndiye niliyepima, niliyehesabu dakika, na niliyesema "acha" muda ulipokwisha. Na walitii! Mume wangu aliyebishana nami wiki nzima kuhusu rangi ya mapazia, hapo alikuwa anauliza, "Mama, bado ngapi?"

Nikaelewa kitu. Resini kabla ya hadena inasubiri. Unaweza kubadili umbo, kuahirisha, hata kurudi dukani. Ikishachanganywa, mjadala umefungwa, ni kufanya kazi tu. Na ugomvi mwingi ninaousikia kwa mashoga zangu unaanza baada ya kuchanganya. Kiwanja kimeshanunuliwa, mkopo umeshachukuliwa, gari limeshabomolewa, ndipo mtu anasema, "Hebu tuongee." Mwongee nini, na kopo limeshaanza kuchemka?

Wazee wa rali walilijua hili. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Joginder Singh wa Kenya alipoishinda mwaka 1965 na Volvo, kiti cha pili alikaa ndugu yake, Jaswant. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda mara tano, 1973 na kisha mfululizo 1979 hadi 1982. Katika baadhi ya rali zake nyingine msoma ramani alikuwa mkewe, Yvonne. Msoma ramani hashiki usukani, lakini kona inayofuata anaitaja yeye, na anaitaja kabla haijafika.

Kabla hamjachanganya

Kwa wewe mwenye mwenzi mwenye "spoila" yake, nakuachia haya:

1. Uliza "ya nini?" na usikilize mpaka jibu la tatu. Mara nyingi ukweli unakaa huko.

2. Bahasha iwe moja, na iwe na mwisho. Ikiisha, imeisha mpaka mwezi ujao. Ada na kodi ya nyumba haziazimwi.

3. Usalama ununuliwe kwanza, urembo baadaye. Hili halina mjadala hata akinuna.

4. Gaweni Jumamosi. Sisi mbili kwa mwezi ni za gari, mbili ni zetu, simu za rafiki zake zimezimwa.

5. Tafuta kazi yako ndani ya kitu chake, hata kama ni kushika saa. Kama hutaki, sawa pia, lakini sema hutaki. Usikae pembeni ukiguna.

Na wewe mwenye spoila, usimwite mwenzako kuja kuangalia kitu kilichokwisha. Mwite kikiwa bado karatasi.

Spoila yetu ilitoka kwenye kalibu Jumapili moja asubuhi, ina uzito wa mtoto mchanga na makovu mawili ya mapovu upande wa kushoto. Haitaongeza mwendo wa maana. Kalibu imewekwa darini, imefunikwa kwa mfuko wa mbolea, ikisubiri jiwe la kwanza. Mwezi ujao tutaongelea wakwe wanaokuja "kusalimia" kwa wiki tatu. Mpaka hapo, pendaneni.