Serikali isiwaachie wanaojitolea kuwalinda wagonjwa wa saratani

Katika vituo vya saratani nchini Kenya, kuanzia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hadi Eldoret, Nakuru, Garissa na Mombasa, ipo kazi ya umma inayofanywa na watu wasiolipwa. Wengi wao ni manusura wa ugonjwa huo. Huketi na mgonjwa kwenye foleni ya mionzi, humsaidia kumwandikia mwajiri barua, humweleza fomu ipi ni ya bima na ipi ni ya tathmini ya ulemavu, na mgonjwa aliyeishiwa nguvu asipoweza kupanda ngazi za ofisi, huzipanda wao. Sifa wamepewa za kutosha. Kila Februari 4 na kila Oktoba, nyakati za uhamasishaji kuhusu saratani, maafisa wa serikali huvaa fulana, hutembea nao barabarani, huwapongeza mbele ya kamera na kurudi ofisini. Kazi hubaki palepale, mikononi mwa wale wale.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo isingehitajika kama Katiba ingetekelezwa ilivyoandikwa. Kifungu cha 260 kinapofafanua ulemavu hakiishii kwenye mguu, jicho au sikio. Kinataja pia hali au ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku, na kinaongeza kuwa inatosha sehemu kubwa ya jamii kuamini kwamba athari hiyo ipo. Kifungu cha 27 kinaharamisha ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya na ya ulemavu. Mfanyakazi anayeachishwa kazi kwa sababu meneja ameshaamua kwamba mwenye saratani haponi amekingwa na vifungu vyote viwili.

Amekingwa kwa maandishi. Kwa karibu miaka 15 baada ya Katiba hiyo kupitishwa mwaka wa 2010, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliendelea kutumika na ufafanuzi wake mwembamba usiotaja ugonjwa. Karani wa dirishani hakuwa na Katiba mezani. Alikuwa na fomu, na fomu ilifuata sheria ya zamani. Sheria mpya ilitiwa saini Mei 2025, na kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha. Lakini sheria haifiki dirishani yenyewe. Hufika kupitia kanuni, miongozo ya madaktari wanaofanya tathmini, na visanduku vilivyochapishwa kwenye fomu. Ikiwa fomu itaendelea kumtafuta mtu aliyekatwa kiungo, haitamwona mgonjwa wa saratani aliyesimama mbele yake.

Wanaojitolea wanalijua hili kuliko Wizara ya Afya, kwa sababu wanaishi nalo. Mtu aliyeondolewa sehemu ya utumbo na kuwekewa mfuko wa kinyesi tumboni huonekana mzima akiwa amevaa shati. Hawezi kukaa saa sita ndani ya matatu isiyosimama. Hawezi kufanya kazi mahali pasipo choo chenye maji, na mfuko ukivuja mbele ya wenzake, huenda asirudi kazini kesho yake. Mwanamke aliyetolewa titi pamoja na tezi za kwapani anaweza kubaki na mkono unaovimba kila anaponyanyua mtungi wa maji. Baadhi ya dawa za saratani huharibu neva za vidole na nyayo. Fundi cherehani aliyepona saratani anaweza kurudi kiwandani akiwa hahisi tena sindano inapomchoma. Dawa nyingine hupunguza uwezo wa kusikia. Haya ni matokeo yanayofahamika vyema katika wodi yoyote ya saratani, na mengine hudumu miaka mingi baada ya daktari kutangaza kwamba uvimbe umekwisha.

Kwa nini jina la ulemavu lina uzito? Wengi hudhani ni suala la msamaha wa ushuru tu, ule unaomwondolea mwenye ulemavu aliyeidhinishwa kodi kwenye Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Uzito mkubwa zaidi uko kazini. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaorodhesha misingi ambayo mwajiri hawezi kuitumia kumbagua mfanyakazi. Ulemavu umo, ujauzito umo, hali ya HIV imo. Saratani haimo. Mlango pekee uliobaki kwa mgonjwa kwenye orodha hiyo ni ulemavu. Anayemfungia mlango huo kwa kumwambia kwamba ugonjwa wake si ulemavu, awe daktari, karani au wakili wa kampuni, anamwondolea kinga yenyewe.

HIV haikuingia katika sheria hiyo kwa bahati. Iliingizwa na watu walioishi na virusi hivyo na kukataa kufa kimya. Walipata sheria yao mwaka wa 2006, na ndani yake mahakama maalumu ya kusikiliza kesi za ubaguzi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya 2012 ilifuata nyayo hizo kwa maneno: miongoni mwa malengo yake ni kukomesha kila aina ya ubaguzi dhidi ya mwenye saratani au anayeshukiwa kuwa nayo. Lakini haikuunda mahakama ya namna hiyo. Bunge liliandika ahadi bila kutaja mahali pa kuidai.

Hesabu ya siku za ugonjwa ni aibu zaidi. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira kinampa mfanyakazi siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara katika kipindi cha miezi 12. Tiba ya kawaida ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi huchukua takriban vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano. Dawa za mshipa zinazotolewa kila baada ya siku 21 kwa mizunguko sita huchukua zaidi ya miezi mitatu. Mgonjwa anayetegemea kiwango cha chini cha sheria humaliza siku zake zote kabla ya wiki ya nne ya mionzi. Nchini Tanzania, mfanyakazi ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Ni kweli kwamba baadhi ya waajiri na mikataba ya vyama vya wafanyakazi hutoa siku nyingi kuliko sheria inavyodai. Haki inayotegemea ukarimu wa kampuni haimsaidii mhudumu wa hoteli wala mlinzi wa usiku.

Mgonjwa akipoteza kazi, hapotezi mshahara tu. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024. Aliyeachishwa kazi hutakiwa kujilipia mchango mwenyewe, wakati ule ule ambao hana kipato na hawezi kukosa dawa. Mjadala wa saratani nchini umemezwa na kikomo cha fedha ambacho SHA inalipia, na ni mjadala wa haki. Ila haijaulizwa vya kutosha ni nani anayehakikisha kwamba mgonjwa anabaki na kazi inayomlipia bima hiyo.

Kwa sasa jibu ni watetezi wa kujitolea, na hata wao sheria imewawekea mipaka. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Mtetezi kutoka kikundi cha wagonjwa hana haki ya kuingia katika kikao hicho. Asiyekuwapo na lake halipo. Mgonjwa aliyetoka kuwekewa dawa juzi, kichwa kizito na tumbo likichafuka, huketi mbele ya afisa wa rasilimali watu akiwa na mwenzake anayehofia kazi yake mwenyewe. Akitaka kulalamika kwa afisa wa leba, ana miezi mitatu. Akiwa katikati ya matibabu, miezi hiyo humpita akiwa kitandani. Mahakama bado iko wazi kwake kwa muda mrefu zaidi, lakini mahakama inataka wakili, na wakili anataka fedha.

Yapo mapingamizi mawili ya kujibiwa kwa heshima. La kwanza linatoka kwa baadhi ya watu wenye ulemavu wenyewe, wanaohofia kwamba kuwaingiza wagonjwa wa saratani kutapunguza nafasi na fedha ambazo tayari hazitoshi. Wagonjwa wapya wa saratani nchini walikadiriwa kuwa zaidi ya 44,000 mwaka wa 2022, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. La pili linatoka kwa wagonjwa wasiotaka kuitwa walemavu, wanaoona jina hilo ni mzigo mwingine juu ya ule wa saratani.

Mapingamizi yote mawili yanachanganya mambo mawili tofauti. Kinga dhidi ya ubaguzi haigharimu hazina chochote, haimnyimi mtu mwingine nafasi wala haihitaji kadi. Inapaswa kuanza siku ugonjwa unapothibitishwa, kama ilivyo Uingereza tangu Desemba 2005, ambako sheria inamhesabu mwenye saratani kuwa mtu mwenye ulemavu bila kumtaka asubiri adhoofike kwanza. Nafuu ya kodi na misaada ya fedha ni jambo jingine. Hiyo itolewe baada ya tathmini, kwa anayeiomba, kwa muda maalumu, na ipitiwe upya hali yake inapobadilika. Mgonjwa asiyetaka kadi asilazimishwe kuibeba ndipo alindwe.

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na Wizara ya Afya ndio wenye zamu ya kwanza. Wachapishe mwongozo wa tathmini unaotaja saratani na madhara ya matibabu yake kwa majina, yakiwamo yasiyoonekana kwa macho, na waweke dawati la usajili ndani ya kila kituo cha saratani cha umma. Mgonjwa anayesafiri kutoka Tana River hadi Mombasa kwa mionzi asirudishwe kaunti yake kutafuta sahihi ambayo daktari wake, aliye hatua chache tu, anaweza kuitoa.

Kamati za leba za Bunge la Kitaifa na Seneti nazo haziwezi kuendelea kungoja ombi la wananchi. Kifungu cha 5 kitaje saratani waziwazi. Siku za ugonjwa kwa maradhi yanayohitaji matibabu ya muda mrefu zitenganishwe na zile za mafua. Kifungu cha 41 kimruhusu mgonjwa kuingia kikaoni na mtetezi anayemchagua, na muda wa kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba usihesabiwe mtu akiwa bado kwenye matibabu. Yote haya ni marekebisho ya mistari michache.

Wanaojitolea wenyewe wanahitaji hadhi, si fulana nyingine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iwafunze na kuwaidhinisha wale walio vituoni tayari, ili barua yao kwa mwajiri isomwe kama hati na si kama ombi la huruma. Mnamo Septemba 2023 serikali iliwatuma nyanjani wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kwa ahadi ya posho ya Sh5,000 kwa mwezi. Ikiwa anayepima shinikizo la damu kijijini anastahili posho, anayemwokoa mgonjwa asipoteze kazi na bima anastahili angalau nauli. Idhini hiyo pia itawatenga na madalali, ambao hawakosekani penye fomu ngumu na watu wenye hofu.

Uwajibikaji uwekwe wazi pia. Kukosa takwimu kumekuwa kinga ya maafisa: lisilohesabiwa halina wa kulijibu. Waziri wa Leba afike bungeni na idadi ya malalamiko ambayo maafisa wake wamepokea kutoka kwa wafanyakazi walioachishwa kazi wakiwa kwenye matibabu ya saratani tangu sheria mpya ya watu wenye ulemavu ianze kutumika, kaunti kwa kaunti, na aeleze kila moja liliishaje.