Mgeni Njoo, Mwenyeji Alipe

Katika mahafali ya vyuo vikuu vyetu kuna idadi mbili zinazosomwa kwa sauti kubwa. Ya kwanza ni idadi ya wahitimu, na hiyo hupigiwa vigelegele na wazazi. Ya pili ni idadi ya hati za makubaliano zilizotiwa saini na vyuo vya ng'ambo, na hiyo hupigiwa makofi na meza kuu. Tangu nistaafu nimehudhuria sherehe hizo mara kadhaa, maana mwalimu hakosi mwanafunzi wa zamani wa kumwalika, na bado sijasikia ikisomwa idadi ya tatu: ni shilingi ngapi za chuo zilizotumika kuwahudumia hao wafadhili na wageni wao.

Idadi hiyo ya tatu ndiyo ninayotaka tuizungumze, ndugu msomaji, kwa kuwa tumezoea kuusema ule msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone, bila kumwuliza mwenyeji kama kweli amepona.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mkaa bure si sawa na mtembea bure. Chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, kilikuwa chini ya mbawa za Chuo Kikuu cha London. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1959, ndege iliyopatikana kwa juhudi za Tom Mboya iliwapeleka Marekani wanafunzi 81, wengi wao Wakenya, na mamia wakafuata. Miongoni mwa waliofuata alikuwamo Wangari Maathai, aliyerudi na elimu ya biolojia, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Anayesema kwamba safari hizo zilikuwa hasara hajui historia yetu. Mimi nagombana na daftari la mahesabu.

Kila utafiti una gharama za aina mbili. Kuna zile zinazoonekana: posho za watafiti, dawa za maabara, nauli za kwenda vijijini. Na kuna zile zisizoonekana: umeme wa jokofu linalotunza sampuli usiku kucha, mlinzi wa getini, mhasibu anayeandika taarifa kwa mfadhili, na paa ambalo utafiti wote umejikinga chini yake. Hizi za pili huitwa gharama za uendeshaji, na mfadhili hukilipa chuo asilimia fulani juu ya bajeti ya mradi ili kuzifidia.

Sasa tazama. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo zimekuwa mfadhili mkubwa wa utafiti wa tiba duniani, kwa miaka mingi zimeviwekea vyuo vya nje ya nchi yao kikomo cha asilimia 8. Vyuo vya Marekani vyenyewe hupatana na serikali yao kila kimoja kivyake, na vile vikubwa vingi hupata zaidi ya asilimia 50. Februari 2025 serikali hiyo ilipotangaza kwamba navyo sasa vitapewa asilimia 15 tu, wenye vyuo walikimbilia mahakamani. Walisema maabara zitafungwa na utafiti utakufa. Mahakama ikaizuia amri hiyo.

Nilipozisoma habari hizo nilicheka peke yangu barazani, hata mke wangu akatoka kuuliza kulikoni. Kumbe asilimia 15 ni kifo kwa chuo chenye akiba ya mabilioni ya dola, lakini asilimia 8 ni hisani kwa chuo cha Afrika, ambako umeme ukikatika lazima jenereta iwashwe! Basi tofauti iliyobaki hulipwa na nani? Hulipwa na mwenyeji. Huilipa kwa ada ya mtoto wa mkulima, kwa maktaba isiyonunua vitabu, na kwa mhadhiri kijana anayefundisha darasa lililofurika peke yake kwa sababu wakubwa wake wako kwenye miradi.

Jambo hili silisemi kwa kusoma magazeti tu. Chuo cha ualimu nilichokiongoza kiliwahi kuwa na udugu na chuo kimoja cha Ulaya, ambacho sina haja ya kukitaja. Kila mwaka walikuja vijana wao kumi na wawili au kumi na watano, wakakaa wiki tatu wakifanya mazoezi ya ufundishaji katika shule zetu. Tuliwapa bweni lililo bora. Wakufunzi wetu wawili waliacha vipindi vyao wakawa wakalimani. Land Rover ya chuo iliwapeleka shuleni asubuhi na kuwarudisha mchana, na wiki hizo walimu-wanafunzi wetu walikwenda mazoezini kwa miguu. Katika miaka sita, sisi tulipeleka kwao wakufunzi wawili, kwa siku kumi na nne.

Mhasibu wetu, mama mmoja makini sana, alifungua ukurasa wa "Wageni" katika daftari lake, akawa anaandika kila lita ya dizeli. Mwaka wa nne niliwaandikia wenzetu kuomba watuchangie mafuta peke yake. Jibu lilikuja kwa lugha ya upole: mchango wa mwenyeji huhesabiwa kuwa ishara ya kuuthamini ushirikiano. Na katika taarifa yao ya mwaka, iliyopigwa chapa kwa picha za rangi, chuo chetu kiliorodheshwa miongoni mwa vyuo vilivyosaidiwa.

Kubadilishana, kwa Kiswahili ninachokijua, ni kutoa na kupokea kwa kadiri. Lakini kijana wetu anayetaka kwenda kusoma muhula mmoja Ulaya hutakiwa kwanza alipe ada ya maombi ya viza. Kwa nchi za Schengen ada hiyo ilipandishwa hadi euro 90 mwezi Juni 2024, na Marekani iliifikisha dola 185 mwaka 2023. Akinyimwa viza, fedha hairudi. Amelipia kunyimwa.

Hata kutembeleana majirani kumetushinda. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kwamba eneo letu lote ni uwanja mmoja wa elimu ya juu. Tangazo jema kabisa. Lakini uliza nani amekuwa akiwalipia vijana wetu kusoma katika nchi jirani. Mpango mkubwa wa vyuo vya Afrika kupelekeana wanafunzi hulipiwa na Umoja wa Ulaya. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala lilipoanzisha ufadhili wa shahada ya uzamili, fedha ilitoka serikali ya Ujerumani. Je, hata kwa jirani twende kwa nauli ya mtu wa mbali?

Nauli ya mtu wa mbali ina tabia moja: hukatika bila hodi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilitangaza Machi mwaka huo kwamba kinaondoa nafasi za kazi zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa nje ya Marekani. Waliokuwa wanafunzi mwaka 1965 hawakushangaa. Mwaka huo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotuonya tusizitegemee fedha za wageni, lilikuwa likieleza jambo ambalo nchi ilikuwa imekwisha kulionja.

Najua nitajibiwaje. Nitaambiwa mwombaji hachagui, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nakubali kuinama. Lakini aliyeinama anatakiwa ajue anatafuta nini mvunguni, akishakipata asimame. Mfano tunao wenyewe. Tanzania na Zambia zilitaka reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zikasema haina faida. Mwalimu Nyerere na Kaunda hawakubadili haja yao ili ifanane na haja ya mfadhili. Waliendelea kuibisha hodi mpaka China ikakubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Kisha mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa nchi hizi mbili wakapelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Reli imepata matatizo yake baadaye, nayo si siri. Ila kila kijana aliyepanda ndege kwenda Beijing alijua kazi inayomngoja nyumbani. Leo mhadhiri hutazama kwanza tangazo la mfadhili, halafu ndipo anajiuliza utafiti wake uhusu nini.

Basi nadai mambo matatu. La kwanza, kila chuo kikuu kitangaze, pamoja na idadi ya hati za makubaliano, gharama kamili alizobeba mwenyeji kwa kila hati, na hati isiyolipa gharama hizo isiongezwe muda. La pili, kila idara iwe na orodha yake ya maswali ya utafiti, iliyoandikwa kabla mgeni hajabisha, na mradi usiogusa hata swali moja ukataliwe kwa adabu. La tatu, hakuna utafiti uliofanywa kwa watu wetu uhesabiwe umekwisha mpaka matokeo yake yaandikwe kwa Kiswahili, yamfikie muuguzi, mkulima na mwalimu waliohojiwa.

Lakini mkono mtupu haulambwi. Hatuwezi kuweka masharti mezani ikiwa hatuna shilingi mezani. Tume ya Sayansi na Teknolojia tumekuwa nayo tangu mwaka 1986. Wakuu wa nchi za Afrika, katika mkutano wao wa Addis Ababa wa Januari 2007, walizihimiza nchi zote zitenge kwa utafiti angalau asilimia 1 ya pato la taifa. Nchi nyingi, yetu ikiwamo, hazijaifikia. Bajeti husomwa kila mwezi Juni, na mbunge wako hurudi jimboni kutafuta kura. Akija, mwulize fedha za utafiti zilizopitishwa mwaka jana ni kiasi gani, na zilizotoka Hazina kweli ni kiasi gani. Akianza kukutajia wafadhili, mwambie kwa upole kwamba hilo silo ulilouliza.