Mawe ya Kericho Hayapimwi kwa Umri

Hoja kwamba kanisa la Kianglikana la Holy Trinity mjini Kericho, lililojengwa kwa mawe mwaka 1952 kwa umbo la kanisa la kijiji cha Uingereza, ni mwigo usiostahili kuhifadhiwa kwa kuwa kuta zake hazijatimiza karne, imejengwa juu ya kipimo kisichotambuliwa hata na sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa na waziri kuwa mnara wa kumbukumbu, yaani mahali palindwapo kwa thamani yake ya kihistoria. Ni kweli kwamba umbo hilo la kanisa la Kiingereza lilizaliwa kwingine. Lakini kuiga nako ni tukio la kihistoria, na hapa kulifanyika katika nchi ya Wakipsigis, ambayo sehemu yake ilitwaliwa kwa ajili ya walowezi na kampuni za chai, na ambako sheria ya kikoloni ya mwaka 1934 iliwafukuza watu wa ukoo wa Talai hadi eneo la Gwassi. Anayetaka kuta hizo zipuuzwe kwa sababu ni za kikoloni (hoja nzito zaidi, ingawa hutajwa kwa haraka) anaufuta ushahidi atakaouhitaji anapodai haki ya ardhi. Jengo na litangazwe, na kibao chake kiitaje Gwassi waziwazi.