Macho Nayo Yana Haki Yake



Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda kuzungumza na wanafunzi wetu, na zaidi wazazi wao, kuhusu macho.

Siku hizi mtoto huishika simu mchana kwa masomo ya skuli, alasiri huhifadhi sura kwa programu ya Qur'ani iliyomo humo humo, na usiku hujilaza nayo gizani kwa michezo. Akifika mbele ya mwalimu macho mekundu, yanawasha na kutoa machozi, kichwa kinamuuma, herufi anaziona ukungu. Hapo huitwa mvivu. Nyumbani nako wapo wasemao kapigwa jicho. Hasadi ipo, sipingi, na ruqya ni sunna. Lakini tuanze kumuuliza mtoto amekaa na simu saa ngapi.

Jambo lenyewe halina siri. Kwa kawaida mtu hupepesa macho kiasi cha mara 15 kwa dakika, na kila kope zikifumba hulilowesha jicho. Anayekodolea skrini hupepesa mara chache mno, hata chini ya nusu. Macho hukauka, na feni likimpuliza usoni hukauka zaidi. Tena ndani ya jicho mna msuli mdogo unaokaza ili tuone vya karibu. Simu ikikaa karibu na pua kwa saa mbili, msuli huo ni kama mtu aliyejitwika ndoo asipate pa kuitua.

Madaktari wa macho hushauri kila baada ya dakika 20 uinue uso, utazame kitu kilicho mbali kiasi cha mita 6 kwa sekunde 20: mnazi, mnara wa msikiti, hata nguo za jirani kambani. Ni muda wa kusoma Suratul Ikhlas kwa utulivu. Pepesa macho kwa makusudi, kuza maandishi, washa taa, na simu isikaribie uso chini ya sentimita 40. Kwa anayehifadhi, mimi naona bora arudi kwenye msahafu wa herufi kubwa juu ya marufaa. Akishasoma aya afumbe macho airudie kwa moyo. Hapo amehifadhi, na macho yamepumzika.

Wazazi, msikimbilie kutoa pesa. Mwaka 2023 taasisi ya Cochrane ilichapisha mapitio ya tafiti 17 kuhusu miwani ya kuchuja mwanga wa buluu, yakaonesha kuwa huenda haipunguzi uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta. Linalonitisha zaidi ni matone yanayonunuliwa dukani bila ya daktari. Baadhi yana steroidi, ambayo ikitumiwa kiholela huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Na uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi.

Asiyeona ubao ni suala jingine. Huyo pengine anahitaji miwani, na kupumzika peke yake hakutamsaidia. Wapo wanaomkataza binti kuivaa kwa hofu ya kukosa posa! Je, mchumba atamsomea vitabu?

Mtume (S.A.W.) alimkumbusha Sahaba Abdullah bin Amr (R.A.), aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kwamba mwili wake na macho yake vina haki juu yake. Ikiwa hayo yalisemwa kwa mwenye kukesha katika ibada, anayekesha na michezo ya simu ana udhuru gani?

Basi kabla ya madrasa kufunguliwa mwezi wa Shawwal, kila mzazi ampeleke mwanawe hospitali akapimwe macho. Akionekana ana tatizo, mwalimu aambiwe mapema ili amkalishe safu ya mbele.

Wabillahi Tawfiq.