Tuache Kuwatishia Watoto Sindano

Wazazi wenzangu, walezi na majirani,

Kaa kidogo kwenye benchi la kliniki siku ya chanjo, utasikia: "Ukiendelea kulia, daktari anakuchoma sindano!" Anayeambiwa hivyo ana mwaka mmoja na nusu, ameletwa kwa chanjo ya pili ya surua na rubela, na sindano ataipata, alie asilie. Anachoondoka nacho ni kwamba mhudumu wa afya ni adui na machozi ni kosa. Nyumbani vitisho vinaendelea: polisi, mbwa wa jirani, jini la chooni. (Kisha tunamgombeza kwa kuogopa kwenda chooni.)

Nawaombeni tuache, na tuache kwa pamoja, maana mzazi mmoja hatoboi. Katika nyumba zetu za kupanga ua ni mmoja. Mama akiamua kutomtisha mwanawe, mpangaji wa chumba cha pili atamtishia kwa nia njema kabisa. Bibi akija kusalimia naye atamtisha. Dada wa kazi, anayeshinda na mtoto kuanzia asubuhi mpaka jioni, atamtisha kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha njia nyingine.

Njia nyingine ipo. Mtoto wa miaka miwili anataka kufanya mambo mwenyewe, lakini vidole havijakomaa, maneno hayamtoshi, na sehemu ya ubongo inayotuliza hasira ndiyo kwanza inajengwa. Itaendelea kujengwa hata baada ya kubalehe. Akigaragara chini kwa sababu umemvua kandambili alizojivalisha kushoto kulia, hana kiburi. Amezidiwa. Chuchumaa, mtazame usoni, mwambie: "Umekasirika, ulitaka kuvaa mwenyewe." Kisha mpe muda. Siku nyingine mwache atembee nazo hivyo hivyo, hafi mtu. Lakini kisu ni kisu na barabara ni barabara: hapo unakataa, naye ana haki ya kulia kwa kukataliwa. Mpakate alie, na kisu usimpe.

Kujitegemea nako kunaanzia hapo hapo uani. Kikombe chake cha plastiki kiwekwe anapofikia. Akimwaga uji, apewe tambara apanguse. Amenye ndizi mwenyewe, achague kati ya nguo mbili ulizomtandikia. Najua anayewahi daladala alfajiri hana nafasi ya kusubiri vifungo vya shati. Basi iwe jioni, iwe Jumapili. Na akina baba, jambo hili linatuhusu sisi zaidi: mvulana wa miaka miwili kuambiwa "mwanamume halii" hakumpi uanaume wowote. Kunamfundisha kuficha, na kinachofichwa baadaye tunakipokea kikiwa ngumi.

Sera tunazo. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Desemba 2021 Serikali ilizindua Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Malezi yenye mwitikio, yaani kuitikia anachohisi mtoto badala ya kumtisha, yametajwa humo kuwa mojawapo ya nguzo zake tano, sambamba na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Lakini ni wangapi mtaani kwetu wamewahi kuelezwa maana yake? Karatasi haivuki kizingiti yenyewe.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ujao, mtu anyanyue mkono aombe afisa ustawi wa jamii wa kata aje atufundishe, na dada wa kazi nao waruhusiwe kuhudhuria. Kwenye vikoba, jambo hili litengewe robo saa. Wauguzi, mzazi akiwafanya nyinyi kitisho, mkatalieni palepale, kwa upole. Na kabla ya mkutano wowote, tukubaliane wapangaji wote wa ua mmoja: mtoto wa mwenzako akilia, usimtishe, na ukinisikia mimi namtisha wangu, niambie.