Ngoma ya Magara si ngoma ya Dar

Jumamosi moja nilikuwa Magara, kando ya barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, nikisubiri gari. Chini ya mwembe vijana waliomaliza kuanika ndagala walikuwa wakisikiliza muziki wa zamani wa Tanzania kwenye simu. Ikafika zamu ya Remmy Ongala, "Mambo kwa Soksi". Mmoja akauliza: huyu mzee anauza soksi? Wenzake wakacheka, lakini nilipowadadisi nikaona na wao jibu hawakuwa nalo.

Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaenda Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akavuma na Super Matimila. Wimbo huo ni wa UKIMWI, na soksi zenyewe ni kondomu. "Mambo" nalo lina kazi mbili: ni shughuli za kila siku, na ni yale ya chumbani ambayo mzazi hayataji mbele ya mwanawe. Kwa maneno ambayo hata mtoto anayajua, Remmy alisema jambo ambalo wakati ule watu wengi waliona haya kulitamka. Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Nionavyo mimi, waliokataa walikuwa wameuelewa vizuri sana. Fumbo la namna ile halifichi kitu. Linamwezesha mtu kuonywa akiwa amekaa sebule moja na baba mkwe.

Sasa fumbo hilo likivuka mpaka linakufa. Hapa Burundi ugonjwa tunauita SIDA, kwa Kifaransa, na kondomu kwa Kirundi ni agakingirizo, yaani kikinga kidogo. Soksi hubaki za kuvaa na viatu.

Chukua "ngoma". Mtaani Dar ukisema fulani ana ngoma, umesema ana virusi. Kwa Mrundi ingoma ni ile ya Gishora, na ni utawala wa mwami pia. Ngoma hizo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwimbaji wa Dar akituimbia kwamba binti fulani kaondoka na ngoma, sisi tutapiga makofi! Na Waganda, ambao ugonjwa huohuo waliuita siriimu, wakimweleza mzee wa Kiislamu wa Rumonge kwamba jirani yao ana siriimu, huenda akadhani kasilimu, akamshukuru Mungu.

Utani huu una upande mchungu. Mvuvi wa ziwa hili leo yuko Magara, kesho Kigoma, keshokutwa Uvira, na usiku wa ugenini una mambo yake. Onyo analolisikia kwenye baa ya ng'ambo limefungwa katika lugha anayodhani anaijua. Kirundi chenyewe kinatukumbusha: amagara ni afya.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na watoto wetu wanafundishwa Kiswahili shuleni. Ngeli wanazimudu. Utani wa wenzao hawaujui, kwa sababu mwalimu anaona nyimbo ni uhuni. Mimi nasema zifundishwe, hizo za mafumbo hasa, na anayeona aibu aanze na taarabu ya Unguja, ambako kusemana kwa mafumbo ni kazi ya heshima. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko hukohuko Zanzibar. Ikitutolea kijitabu cha maneno ya mitaani ya Dar, Nairobi, Bukavu na Bujumbura, pamoja na maana zake za chini, itakuwa imewasaidia wavuvi wetu kuliko kongamano jingine la hotelini. Watangazaji wa redio wasisubiri hata hicho. Dakika moja ya maelezo kabla ya wimbo inatosha.

Pale chini ya mwembe niliwaeleza vijana soksi ni nini. Kicheko kikakatika. Yule aliyeuliza akaurudisha wimbo mwanzo, akaongeza sauti, na safari hii wakausikiliza kimya. Gari langu likaja kabla haujaisha.